Mita Inayokimbia Kuliko Gari

Giaboksi ilimfia Maeng Do-sik katikati ya makutano ya barabara mbele ya stesheni ya Daegu, saa nne asubuhi, abiria akiwa kiti cha nyuma na teksi nyingine zikimpigia honi. Gia ya tatu ilitoa mlio wa kokoto ndani ya sufuria, kisha ikakataa kuingia kabisa. Do-sik hakutukana mtu. Alishuka, akamwomba abiria radhi, akalisukuma gari pembeni peke yake huku akigeuza shingo kushoto na kulia. Gari halikumtia hofu, lilikuwa la kampuni. Alichoogopa ni kugongwa.

Alikuwa amebakiza siku sitini na mbili. Dereva wa kampuni akimaliza miaka kumi bila ajali, bila faini na bila kesi, aliruhusiwa kuomba kibali cha teksi yake mwenyewe. Teksi yako, saa zako, na hakuna meneja wa kukungoja getini jioni akuulize hesabu. Do-sik alikuwa ameendesha miaka tisa na miezi kumi bila hata mkwaruzo. Mkewe, Mal-sun, alikuwa na kalenda ukutani juu ya cherehani yake, na kila asubuhi kabla ya kuanza kushona vitambaa vya miamvuli alikuwa anaikata siku moja kwa kalamu nyekundu.

"Gari likilala gereji, na wewe unalala bila mshahara," alisema Meneja Guk, mtu mfupi anayependa kuongea huku akitafuta kitu kwenye droo. "Kwa hiyo tuombe lisilale."

Halikulala sana. Fundi wa kampuni, Tak, alikwenda kwenye yadi ya magari mabovu akarudi na giaboksi iliyotolewa kwenye gari kubwa zaidi. Ya zamani ilikuwa na gia nne, hii ilikuwa na tano. Iliingia baada ya kuchonga vishikio viwili na kutukana sana. Siku ya tatu Do-sik alikuwa barabarani.

Sasa, jambo moja lazima lieleweke kuhusu madereva wa teksi wa mji ule. Hawaangalii mshale wa spidi. Watauangalia saa ngapi? Macho yako pembeni ya barabara, kwa watu wanaosimama wakipaza sauti kutaja waendako, maana ukiwa na abiria mmoja na mwingine akaita njia ileile, unampakia. Spidi wanaisikiliza. Do-sik alijua sitini kwa sikio kama anavyojua sauti ya cherehani ya mkewe. Na sasa sikio lilikuwa limepotea. Akiweka gia ya tano, injini ilinguruma chini kwa chini, kivivu, wakati gari linakwenda kasi. Alifurahi. Gesi ilikuwa inadumu zaidi na goti la klachi halikumuuma.

Ila kwa kuwa sikio halikumsaidia tena, na kwa kuwa alikuwa amebakiza siku hamsini na kitu, aliamua kufanya jambo ambalo hakulifanya miaka tisa: kuufuata mshale. Penye sitini, alishika sitini kamili. Ajabu ni kwamba kila mtu alimpita. Mabasi yalimpita. Malori ya makaa yalimpita. Alipitwa hata na mtu wa pikipiki anayepeleka tambi, kashika sinia kwa mkono mmoja, na mtu yule akageuka kumtazama usoni.

"Wote wamepata wazimu," Do-sik alimwambia mkewe.

"Sawa, lakini pesa zimeongezeka," alisema Mal-sun, na akanunua samaki.

*

Aliyeigundua habari yenyewe ni Bibi Chae, muuza soksi wa soko la Seomun. Kila Jumanne na Ijumaa saa sita mchana alifunga kibanda, akabeba uji wa mchele kwenye chupa ya chai, na kupanda teksi ya Do-sik kwenda hospitali kumlisha mumewe, aliyekuwa amelazwa miezi minane. Nauli yake aliifunga kwenye leso kabla hajatoka nyumbani. Won elfu moja mia mbili na hamsini. Miezi minane haikupungua wala haikuzidi.

"Leo ni elfu moja mia tatu na hamsini, bibi," Do-sik alisema, naye mwenyewe akiikazia macho mita.

"Wamepandisha nauli?"

"Hapana."

"Hospitali imehamishwa?"

"Hapana, bibi."

"Basi?"

"Labda foleni."

"Foleni ipi? Barabara nzima tulikuwa sisi na mbwa mmoja." Alitoa mia ya ziada kutoka ndani ya soksi yake, pole pole, ili Do-sik aione safari yote ya ile sarafu. Ijumaa ikawa vilevile. "Sikulaumu wewe, mwanangu," alisema, akionyesha mita kwa kidole. "Namlaumu huyo bwana mdogo hapo. Amejifunza kukimbia."

Jioni ile Do-sik alimchukua fundi Tak wakatoka nje ya mji kwenye barabara yenye nguzo za kilomita. Walianza namba za kilomita za gari zikiwa zimesimama sawasawa. Tak alihesabu nguzo kwa sauti. Walipofika nguzo ya tisa, namba kwenye kioo zikageuka kumi.

"Haya, simama," alisema Tak. "Usiniangalie hivyo. Ni kidude kidogo hivi." Alimwonyesha nusu ya kidole gumba. "Mshale wako hauioni barabara, unaisikia giaboksi. Mkiani kuna gia ndogo ya plastiki inayozungusha waya. Waya unasukuma mshale, na mita ya nauli inakula kwenye waya huohuo. Yako ya zamani ilikuwa na meno ishirini. Hii ina kumi na manane. Meno yakipungua, inazunguka haraka. Magurudumu yamekwenda tisa, mita imeandika kumi."

"Lakini injini naisikia imelala."

"Hiyo ni kesi nyingine. Gia ya tano imeipunguzia mizunguko. Spidi ileile, injini inazunguka kidogo. Kwa hiyo sikio linakwambia unatambaa, mshale unakwambia unapaa, na wote wawili wanakudanganya, kila mmoja upande wake."

"Badilisha hicho kidude."

"Chenye meno ishirini cha giaboksi hii sina, kinaagizwa. Na nikikigusa, lazima mita ikapimwe upya na ofisi ya usafiri, ipigwe lakiri mpya. Watauliza giaboksi ilibadilishwa lini na kwa ruhusa ya nani. Hapo muone Meneja."

Meneja Guk alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa droo ya tatu.

"Kuna abiria aliyelalamika?"

"Bado, lakini..."

"Kama hakuna malalamiko, tatizo liko wapi?" Alifunga droo. "Do-sik, ndugu yangu, umebakiza siku ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Arobaini na sita. Halafu utakuja hapa nikuandikie barua ya utumishi. Barua nzuri. Mimi napenda kuandika barua nzuri kwa watu wasionisumbua." Akafungua droo ya nne.

Do-sik alitoka akiwa ameinama mara mbili kwa adabu. Alijichukia hasa kwa ile mara ya pili.

*

Hakuweza kusema, na hakuweza kuiba. Akapata njia ya katikati, na njia za katikati ndizo huwaponza watu kama yeye. Kila abiria akifika, mita ikisoma elfu mbili, Do-sik anasema, "Nipe elfu moja mia nane."

Alidhani watu watashukuru. Thubutu! Mwanamke wa benki alihesabu chenji mara tatu, akafungua mkoba kuhakikisha hajaibiwa kitu. Mwanafunzi wa chuo alishuka haraka akiwa mwekundu, akidhani anatongozwa. Mzee mmoja mwenye suti alikasirika kabisa. "Mimi nimekwambia sina pesa? Nguo zangu zimechakaa? Shika elfu mbili yako!" Akairusha kitini, akaubamiza mlango.

"Unapunguza kwa nini?" aliuliza mwingine, jicho kali. "Umelifanya nini gari?"

"Hakuna. Leo nina furaha tu."

"Huonekani."

Na kweli hakuonekana. Ni Bibi Chae peke yake aliyeambiwa ukweli, kwa sababu ndiye aliyegundua, na kwa sababu mbele ya yule mama Do-sik hakuweza kudanganya. "Mita yangu inakimbia kuliko gari, bibi. Wewe lipa ya zamani." Bibi akaitikia kwa kichwa, akafungua leso, akatoa elfu moja mia mbili na hamsini. Tangu hapo alipompita mchuuzi yeyote sokoni alimsimulia habari za dereva wake.

Mal-sun aligundua kwa mfuko. Samaki walikuwa wamepotea tena.

"Baba Yeon-ju, kaa hapa." Yeon-ju alikuwa binti yao wa miaka kumi na mitatu, na kwa wakati huo alikuwa ametumwa dukani kununua chumvi ambayo nyumbani ilikuwepo. "Umeanza karata?"

"Sijaanza."

"Mwanamke?"

"Mimi? Na uso huu?"

"Wapo wanaopenda huruma. Sema, pesa zinakwenda wapi?"

Akamweleza yote, meno ishirini, meno kumi na manane, nguzo tisa. Mal-sun alisikiliza bila kusimamisha sindano. Mwisho aliuma uzi, akaukata.

"Kwa hiyo unawarudishia pesa watu wasiojua kama wameibiwa."

"Ndiyo."

"Na wanakutukana."

"Baadhi."

"Mungu wangu, nimeolewa na nani mimi?" Lakini alimwongezea wali kwenye bakuli, na kesho yake hakuuliza tena habari za samaki. Wazo lake lilikuwa limeshakwenda kwingine.

Katika kila teksi, nyuma ya kiti cha dereva, kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye kadi za posta. Anwani ya ofisi ya usafiri ilikuwa imechapwa tayari na stempu imelipiwa. Abiria akiudhiwa, anaandika, anaitumbukiza posta. Watu walizitumia kushitaki. Ila mara moja moja mtu alimsifu dereva, na kadi ya sifa ilihesabiwa alama kwenye maombi ya kibali. Walioomba walikuwa mia mbili kila mwaka, vibali thelathini. Kadi moja ya sifa ingeweza kumsukuma mtu mbele ya wenzake hamsini.

"Siwezi kumwomba mtu anisifu," alisema Do-sik. "Aibu."

"Aibu yako, si yangu," alisema Mal-sun. Alichomoa kadi moja, akachukua chupa ya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, aliyoitengeneza mwenyewe, akapanda basi mpaka Seomun.

Bibi Chae aliipokea kadi kwa mikono miwili. Alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na mmoja, darasa la jioni la kanisa, na katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumtumia mtu barua. Mal-sun alijitolea kumwandikia, yeye aseme tu.

"Kwani sina mikono?" alisema Bibi Chae. "Nenda zako, mwanangu. Nitamwandikia vizuri."

*

Mwito ulifika zikiwa zimebaki siku tisa. Dereva Maeng Do-sik, meneja wa kampuni, na mwandishi wa kadi, wafike ofisi ya usafiri Alhamisi saa tatu asubuhi. Mal-sun aliisoma akacheka kwa furaha. Alipiga pasi shati jeupe. Bibi Chae alikuja na vazi lake la sherehe, rangi ya samli, utepe wa zambarau kifuani, nywele zimepakwa mafuta. Alijua anakwenda kushuhudia mtu akipewa tuzo.

Do-sik alijua zaidi, kwa sababu gari lilichukuliwa Jumatatu kupimwa.

Afisa Ban alikuwa kijana mpole mwenye mikono ya shati iliyovalishwa vifuniko ili isichafuke wino. Aliweka kadi mezani, akaisoma kwa sauti.

"'Dereva huyu ni mtu mwema. Mita yake inakimbia kuliko gari lake na yeye analijua hilo, kwa hiyo kila safari ananipunguzia won mia moja. Katika mji huu sijaona mwingine. Naomba apewe anachostahili.'"

Bibi Chae aliitikia kwa kichwa kila sentensi.

"Tumepima," alisema Afisa Ban. "Kila kilomita tisa inasoma kumi. Bwana Guk?"

"Kampuni hatukujua lolote," alisema Meneja Guk. Hapakuwa na droo karibu, kwa hiyo mikono yake ilihangaika mapajani. "Dereva naye hakujua. Alimpunguzia bibi kwa sababu ya uzee wake. Heshima tu. Bibi amechanganya mambo."

Afisa alimgeukia Do-sik. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilishuka. "Sikiliza vizuri. Mita iliyozidi ni kosa la gari. Dereva ambaye hakujua, namwonya kwa mdomo, anakwenda zake, na maombi yake yanaendelea. Dereva aliyejua akaendelea kupakia watu, huyo amewatoza isivyo halali, hata kama alirudisha. Miaka yake inafutwa, inaanza upya. Na wazee huchanganya mambo, hata mama yangu huchanganya. Nikiandika hivyo hapa, tumemaliza sote."

Mal-sun alimfinya mumewe pajani chini ya meza, kwa nguvu ya mtu anayeshona miamvuli mia kwa siku. Mfinyo ule ulisema jambo moja tu: sema hukujua.

Na Do-sik alitaka kusema. Tusimfanye malaika. Miaka tisa na miezi kumi na moja na wiki tatu ilikuwa inamvuta nyuma, na neno "hakuelewa" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Kwani nimeandika vibaya?" aliuliza Bibi Chae. Alikuwa ameinamia meza, akiifuatisha kadi kwa kidole, mstari kwa mstari, akitafuta kosa. Sauti ilikuwa imemwishia. "Niliandika kwanza kwenye karatasi nyingine. Mara nne. Mahali gani nimekosea, mwanangu? Nionyeshe."

Afisa alitazama kalamu yake.

"Hapajakosewa, bibi," alisema Do-sik. "Kila neno liko mahali pake."

"Do-sik," alisema Meneja Guk.

"Nilijua. Nilikwenda kwa Meneja nikiwa nimebakiza siku arobaini na sita, nikamwambia. Akaniambia hakuna malalamiko. Nikanyamaza, nikawa napunguza. Kama alivyoandika bibi."

Mkono wa Mal-sun ulimwachia paja.

Afisa Ban aliandika muda mrefu. Kampuni ilipigwa faini, na gari likaamriwa lisitembee mpaka kidude cha plastiki kipatikane. Miaka ya Do-sik ikahesabiwa kuanzia siku ile. Mhuri uligongwa mara tatu, kwenye karatasi tatu. Bibi Chae, kwa kuuona mhuri, aliinuka akainama kwa shukrani.

*

Kwenye korido Meneja Guk alipita bila kuwaangalia. Do-sik alisimama karibu na dirisha. Alitaka kulia na aliona aibu, kwa hiyo alijifanya anasoma tangazo la chanjo ya mbwa.

Mal-sun alikuja akasimama ubavuni kwake.

"Miaka kumi," alisema. "Utakuwa na hamsini na moja. Mimi macho yatakuwa yameisha kwa sindano. Yeon-ju atakuwa ameolewa, na baba yake bado anagombana na watu wa getini."

"Najua."

"Nitakuchukia mpaka jioni."

"Mpaka jioni tu?"

"Ya kesho tutaiona kesho." Alijifuta uso kwa kiganja, upesi, mara mbili. "Mimi ndiye niliyempelekea ile kadi. Kwa mikono yangu. Na kimchi juu yake."

Do-sik akamshika kiwiko. Mal-sun hakukiondoa.

Bibi Chae alitokea chooni, utepe wake ameunyoosha upya, uso unang'aa. Aliwashika mikono wote wawili.

"Nilidhani nimeharibu," alisema. "Nilivyoogopa! Haya, niambieni, wanampa lini?"

Mume na mke walitazamana. Mal-sun ndiye aliyejibu, maana mwenzake asingeweza.

"Wamesema baada ya miaka kumi, bibi."

"Miaka kumi!" Bibi Chae alisimama pale pale katikati ya korido, akautazama mlango wa Afisa Ban kwa hasira ya kweli. "Mtu mwema kiasi hiki, miaka kumi? Hawakuelewa hao." Akaingiza mkono kifuani, kwenye vazi la sherehe, akatoa kalamu. "Mnayo kadi nyingine?"